Kimya cha Bata: Bata wa Kufugwa katika Historia ya Homa ya Mafua ya Ndege, 1878–2023

Ikisiri

Historia ya homa ya mafua ya ndege imeandikwa kwa kuhesabu mizoga. Kwa kuwa kuku ndiye afaye kwa wingi na kwa haraka, kumbukumbu za ugonjwa huu tangu karne ya 19 zimekuwa kumbukumbu za kuku, na bata ametajwa pembeni tu. Makala haya yanamrejesha bata wa kufugwa katikati ya historia hiyo. Hoja yake ni kwamba uwezo wa bata kubeba virusi bila kuonyesha dalili uliifanya miaka ya 1997 hadi 2004 ionekane kuwa mfululizo wa milipuko iliyoachana, ilhali virusi havikuwa vimekoma; na kwamba kimya hicho kilipogunduliwa, gharama ya ugunduzi iliwaangukia zaidi wafugaji waliohama na bata wao mashambani. Mifano mikuu imetoka China ya kusini, Hong Kong, Thailand na Vietnam. Sehemu ya mwisho inatazama majira ya 2016–2017, ambapo virusi vya ukoo mmoja vilifika Ufaransa na Uganda.

Utangulizi

Kati ya mwaka 1999 na 2002, watafiti wa China walichukua sampuli kutoka kwa bata wa kufugwa wa kusini mwa nchi hiyo. Bata hao walikula, walitembea na kuogelea kama kawaida, wala hapakuwa na mfugaji aliyelalamika. Hata hivyo, kutoka kwao watafiti walipata virusi 21 vya aina ya H5N1, yaani aina ile ile iliyokwisha kuua watu Hong Kong mwaka 1997. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004, nayo yalionyesha jambo jingine zito: virusi vilivyopatikana mwanzoni mwa kipindi hicho viliwadhuru panya wa maabara kidogo, bali vile vya mwishoni viliwadhuru vikali. Miaka yote mitatu, bata wakiwa wazima machoni pa watu, virusi vilikuwa vikibadilika ndani yao.

Mwanahistoria anayetafuta habari za miaka hiyo katika taarifa za milipuko hatauona mwendo huo. Ataona kuku waliokufa Hong Kong mwaka 1997, kisha tena mwaka 2001 na 2002, na kati ya miaka hiyo ataona nafasi tupu. Kwa desturi, nafasi tupu katika taarifa za ugonjwa husomwa kuwa ni afya. Makala haya yanapinga usomaji huo. Taarifa za mifugo huanza pale mnyama anapokufa au anapoacha kutaga, naye bata, kwa maumbile yake, mara nyingi hakufa wala hakuacha kutaga. Kwa hiyo swali la bata ni swali la wataalamu wa mifugo, na pia ni swali la ushahidi: ni nini kinachoandikwa, na ni kipi kisichoandikwa kwa sababu hakikuacha mzoga.

Tauni ya kuku

Maelezo ya kwanza ya kitaalamu kuhusu ugonjwa huu yaliandikwa na Edoardo Perroncito mwaka 1878, kaskazini mwa Italia. Yeye na waliomfuata waliuita tauni ya kuku, na jina hilo lilidumu kwa takriban miaka mia moja. Mwaka 1901 Centanni na Savonuzzi walionyesha kwamba chanzo chake ni kitu kidogo mno kinachopenya kwenye vichujio vinavyozuia bakteria. Mwaka 1955 Werner Schäfer alithibitisha kwamba kitu hicho ni virusi vya mafua ya kundi A, yaani ndugu wa mafua yanayowapata binadamu.

Jina halikuwa jambo dogo. Ugonjwa ulioitwa wa kuku ulitafutwa kwa kuku. Bata aliyeishi ua mmoja na kuku waliokufa alichukuliwa kuwa amenusurika, na aliyenusurika hakuwa na la kueleza.

Ndege wa majini

Badiliko la kwanza lilitoka Afrika. Mwaka 1961 ndege wa majini aina ya buabua walikufa kwa wingi katika pwani ya Rasi, Afrika Kusini, na virusi vya mafua ya aina ya H5 vikapatikana kwao. Ilikuwa mara ya kwanza virusi hivyo kuonekana kwa ndege wa mwitu. Katika miaka ya 1970 Robert Webster na Graeme Laver walitafuta kingamwili za mafua kwa ndege wa baharini kwenye visiwa vya Australia na wakazipata. Muda si mrefu watafiti wa Marekani na Kanada wakawageukia bata wa mwitu. Katika maziwa ya Alberta, Kanada, waligundua kwamba sehemu kubwa ya bata wachanga, kabla ya kuanza safari ya kwenda kusini, walikuwa na virusi vya mafua vya aina nyingi, nao hawakuwa wagonjwa.

Kilichowashangaza zaidi ni mahali virusi vilipokaa. Kwa binadamu mafua ni ugonjwa wa pua na mapafu. Kwa bata, virusi hivi vya mwitu huzaliana hasa ndani ya utumbo, hutoka kwa wingi katika kinyesi, na kuingia majini. Katika maji baridi vinaweza kudumu wiki kadhaa. Katika maji ya vuguvugu, siku chache. Bata mwingine hunywa maji hayo na mzunguko unaendelea. Virusi na mwenyeji wake, kwa kuishi pamoja muda mrefu, vilikuwa vimefikia suluhu ambayo haikumwua yeyote. Kuanzia hapo wanasayansi walianza kumwona bata wa mwitu kuwa hifadhi ya kale ya virusi vya mafua.

Bata wa kufugwa hakuwa amesomwa bado. Ni kweli kwamba isipokuwa bata wa Muscovy, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, bata wote wa kufugwa ni wazao wa bata mwitu mwenye kichwa cha kijani anayeonekana katika maziwa ya Ulaya na Asia. Ndugu hao wawili hukutana kwenye kidimbwi kimoja, hula pamoja, na jioni mmoja huruka, mwingine hurudi nyumbani kwa watu. Kama hifadhi ya virusi iko kwa yule anayeruka, mlango wa nyumba uko kwa huyu anayerudi.

Bata na mpunga wa China ya kusini

Mtu aliyeuona mlango huo mapema kuliko wengi ni Kennedy Shortridge, mtaalamu wa vijidudu wa Chuo Kikuu cha Hong Kong. Kuanzia miaka ya 1970 alichukua sampuli kwa bata, bata bukini na kuku walioletwa Hong Kong kutoka bara. Kila mara bata ndio waliokuwa na aina nyingi za virusi, kupita kuku kwa mbali. Mwaka 1982 yeye na Charles Stuart-Harris waliuliza hadharani iwapo China ya kusini ndiyo kitovu cha mafua ya dunia. Hoja yao haikuhusu uchafu wa mtu yeyote, ingawa baadaye ilipotoshwa hivyo na vyombo vya habari vya nchi nyingine. Ilihusu mpangilio wa kilimo.

Katika majaruba ya mpunga ya China ya kusini, bata alikuwa kibarua kwa karne nyingi. Aliingizwa shambani mpunga ukiwa umeshika mizizi, akala wadudu, kaa wadogo na magugu, akarutubisha udongo kwa kinyesi chake. Mpunga ulipoanza kutoa masuke aliondolewa, na baada ya mavuno alirudishwa kuokota punje zilizoanguka. Mfumo huu uliokoa mazao na kupunguza gharama, nao ulifungamanishwa na ufugaji wa samaki na nguruwe. Ulikuwa, kwa kipimo chochote, ufundi wa hali ya juu. Lakini pia ulimweka bata katika maji yale yale walikoshuka ndege wahamaji, kisha ukamrudisha kwenye ua wa kuku na nguruwe. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, kipato kilipokua na ulaji wa nyama kuongezeka, idadi ya bata na kuku wa China iliongezeka haraka kuliko wakati mwingine wowote, na masoko ya ndege hai yakawakusanya pamoja katika vizimba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine.

Mwaka 1996 bata bukini wa shamba moja katika mkoa wa Guangdong walianza kufa. Virusi vilivyopatikana kwao vilikuwa H5N1, na ndivyo vinavyohesabiwa kuwa babu wa karibu virusi vyote vya H5 vilivyosumbua dunia tangu hapo. Mwezi Mei 1997 mtoto wa miaka mitatu alifariki Hong Kong. Kufikia mwisho wa mwaka watu 18 walikuwa wameugua na 6 kati yao kufariki. Sampuli za masoko ya Desemba zilionyesha kwamba karibu kuku mmoja kati ya watano alikuwa na virusi. Kwa bata na bata bukini ilikuwa wawili au watatu hivi katika kila mia. Tarehe 29 Desemba serikali ilianza kuua kuku wote wa eneo hilo, na kwa siku chache ndege takriban milioni moja na nusu waliangamizwa.

Hatua iliyofuata haikutangazwa sana, lakini kwa makala haya ina uzito kuliko uangamizaji wenyewe. Mwaka 1998 Hong Kong ilipiga marufuku uuzaji wa bata na bata bukini hai katika masoko ya rejareja. Kuanzia hapo walichinjwa mahali maalumu na kufikia wanunuzi wakiwa nyama. Kuku aliyeonekana kuwa mgonjwa zaidi aliruhusiwa kurudi sokoni. Bata aliyekuwa na virusi kwa kiwango kidogo hakuruhusiwa. Kwa anayesoma takwimu za Desemba 1997 peke yake, uamuzi huo haueleweki. Unaeleweka kwa anayejua sampuli za Shortridge za miaka ishirini iliyotangulia. Ni mojawapo ya nyakati chache katika historia hii ambapo sera ilifuata kilichokuwa kimenyamaza.

Kimya chavunjika, kisha charudi

Mwishoni mwa mwaka 2002 bata, bata bukini na ndege wengine wa maji walikufa katika bustani mbili za Hong Kong, Penfold Park na Kowloon Park. Virusi vilikuwa H5N1. Tukio hilo lilivunja kanuni iliyoaminiwa tangu miaka ya 1970, kwamba virusi vya mafua havimdhuru bata. Virusi hivi vilipojaribiwa maabara viliwapata bata kwenye ubongo: walipinda shingo, walishindwa kusimama, macho yalifunikwa na ukungu, wakafa ndani ya siku chache. Suluhu ya kale ilikuwa imevunjwa.

Kiswahili kina methali isemayo kimya kingi kina mshindo mkuu, na mtu angedhani kwamba Penfold ndiyo mshindo wenyewe. Haikuwa hivyo. Katika miaka miwili iliyofuata virusi vilienea Korea Kusini, Vietnam, Japani, Thailand, Kambodia, Laos na Indonesia, na tangazo la China la Januari 2004 lilihusu shamba la bata katika mkoa wa Guangxi. Virusi vilivyokusanywa wakati huo vilipopewa bata wa maabara, baadhi viliwaua na vingine havikuwaua. Utafiti wa Hulse-Post na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba bata waliweza kutoa virusi hadi siku 17, na kwamba ndani ya mwili wa bata virusi vikali vilielekea kuchujwa: vilivyobaki mwishoni havikumdhuru tena bata, lakini bado viliua kuku. Kwa maneno mengine, bata alijirudishia kimya chake, na kuku hakupata nafuu yoyote.

Kwa nini kuku afe na bata apone? Sehemu ya jibu ilitolewa mwaka 2010 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta wakiongozwa na Katharine Magor. Ndani ya seli za bata kuna protini iitwayo RIG-I, ambayo hutambua virusi mapema na kuamsha kinga. Kuku hana jeni ya protini hiyo. Si jibu kamili, kwa kuwa umri nao una nguvu (vifaranga vya bata hufa kwa urahisi kuliko wakubwa) na jamii ya bata pia: bata wa Muscovy huugua na kufa zaidi kuliko bata wa Pekin. Neno "bata" katika taarifa za mifugo huficha tofauti hizi, na mara nyingi taarifa haisemi ni bata gani.

Kulikuwa na kasoro nyingine, ya vipimo. Kwa kuwa elimu ya miaka ya 1970 ilifundisha kwamba virusi vya bata viko katika kinyesi, sampuli nyingi zilichukuliwa kwa kupitisha pamba kwenye tundu la haja. Uchunguzi wa virusi vya 2003 na 2004 ulionyesha kwamba bata alivitoa kwa wingi zaidi kupitia kooni. Aliyetafuta mahali pa zamani alipata kidogo, na huenda hakupata kitu. Hivyo sehemu ya kimya cha bata haikuwa ya bata. Ilikuwa ya maarifa ya zamani yaliyotumika kwa virusi vipya.

Watafiti walimpa bata jina la farasi wa Troya, nalo likaenea. Ni jina lenye mvuto lakini lina dosari. Katika hadithi ile ya Wayunani, farasi alijengwa na adui kwa nia ya kudanganya. Huku, virusi vilivyotoka kwa bata wa mwitu vilikuwa vipole. Aina za H5 hupata ukali wake zinapozunguka katika kuku waliosongamana, kisha ukali huo humrudia bata. Kama kuna farasi aliyejengwa, mafundi wake walikuwa upande wa ndani wa ukuta.

Bata wanaohama na mavuno: Thailand, 2004

Hakuna mahali ambapo kimya cha bata kiligunduliwa kwa uwazi, wala kulipiwa kwa uzito, kama Thailand. Serikali ya nchi hiyo ilikiri kuwapo kwa H5N1 Januari 2004. Thailand ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nyama ya kuku duniani, na biashara hiyo ilisimama ndani ya siku chache tu. Katika mwaka huo watu 17 waliambukizwa na 12 kufariki, na ndege takriban milioni 60 walikufa au waliuawa. Kufikia Mei ilidhaniwa kwamba ugonjwa umekwisha. Julai ukarudi, na safari hii maofisa walianza kujiuliza ulikuwa umejificha wapi.

Walioangaliwa ni bata wa malisho. Katika tambarare ya kati ya Thailand, ambako umwagiliaji huruhusu kuvuna mpunga mara mbili au tatu kwa mwaka, kulikuwa na wafugaji wasio na mashamba makubwa wala mabanda ya kudumu. Mali yao ilikuwa kundi la bata wa mayai, mara nyingi elfu moja na zaidi. Mara shamba lilipovunwa, mwenye shamba aliwaruhusu waingie. Bata walikula punje zilizobaki, wadudu na konokono wanaoharibu miche, na baada ya siku chache walipakiwa katika lori kwenda shamba jingine, pengine mkoa mwingine. Mchana walizunguka majini, usiku walizungushiwa wavu, asubuhi mayai yaliokotwa. Mwenye shamba alifaidika kwa kusafishiwa ardhi, mwenye bata alifaidika kwa chakula cha bure. Fedha kidogo sana zilihitajika kuanza kazi hii, na ndiyo maana ilifanywa na watu wenye fedha kidogo.

Songserm na wenzake walichunguza mifumo minne ya ufugaji wa bata wakati huo. Katika mabanda yaliyofungwa na kulindwa hawakupata virusi. Katika mabanda ya wazi, katika makundi ya malisho, na kwa bata wa uani, walivipata kwa wingi. Marius Gilbert na wenzake walipolinganisha ramani ya milipuko na ramani ya bata wa malisho, waliona zinafuatana kwa karibu. Uhusiano na kuku wa kienyeji ulikuwapo pia, lakini hafifu zaidi. Oktoba 2004 serikali ilianza msako wa nyumba kwa nyumba ulioshirikisha maofisa wa mifugo na mamia ya maelfu ya watu wa kujitolea wa afya vijijini. Uliitwa msako wa eksirei, yaani wa kuona kisichoonekana kwa nje. Makundi yaliyopatikana na virusi yaliangamizwa hata kama bata wake walikuwa wazima, uhamishaji wa makundi ukawekewa vizuizi, na wafugaji wakatakiwa kuwafungia bata bandani.

Kwa kipimo cha ugonjwa, msako ulifanikiwa. Maambukizi ya kuku na ya watu yalipungua sana. Hilo halipaswi kupunguzwa uzito: kuna watu walio hai leo kwa sababu ya Oktoba ile. Lakini kipimo cha ugonjwa si kipimo pekee. Bata aliyefungiwa hununuliwa chakula, na faida ya mayai ya bata wa malisho ilitokana na kutonunua chakula. Kumwambia mfugaji huyo ajenge banda ni kumwambia aache kazi yake na aanze nyingine inayotaka mtaji asiokuwa nao. Kampuni kubwa za kuku, zilizokuwa na mabanda yaliyofungwa tangu awali, zilikuta kanuni mpya zinafanana na desturi yao. Wafugaji wa bata walizikuta hazifanani na chochote walichokuwa nacho. Zaidi ya hayo, walitakiwa kuamini kwamba ndege anayetaga kila asubuhi ni mgonjwa, kwa ushahidi wa maabara ambayo hawakuiona. Kukataa kwao mara nyingine kumeelezwa kuwa ujinga, nayo ni hukumu ya haraka: walikuwa wakitumia kanuni ile ile iliyotumiwa na wataalamu kwa miaka mia moja, kwamba asiyekufa si mgonjwa.

Vietnam ilichukua njia tofauti. Mwaka 2005 serikali ilisimamisha utotoleshaji wa bata, na mwaka huo huo ikaanza kampeni kubwa ya chanjo iliyojumuisha bata pamoja na kuku. Marufuku ya utotoleshaji haikushika. Katika delta ya Mekong yai la bata ni chakula cha kila siku, na mashine ndogo za kutotolea ziliendelea kufanya kazi kwa siri. Milipuko ya mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007 katika mikoa ya kusini, kama Ca Mau na Bac Lieu, iliwakumba hasa bata wachanga waliototolewa kinyume cha marufuku, ambao kwa sababu hiyo hawakuandikishwa na hawakuchanjwa. Kwa namna hiyo sheria yenyewe ilizalisha aina nyingine ya kimya: bata ambao mwenyewe hangeweza kuwataja kwa ofisa wa mifugo bila kujishtaki.

Majira ya 2016–2017: Ufaransa na Uganda

Mwaka 2005 maelfu ya ndege wa mwitu walikufa katika Ziwa Qinghai, magharibi mwa China, na tangu hapo wazao wa virusi vya Guangdong walianza kusafiri na ndege wahamaji. Nigeria na Misri zilipatwa Februari 2006. Miaka kumi baadaye tawi la H5N8 liligawanyika katika njia mbili zinazofaa kulinganishwa, moja ikielekea Ulaya magharibi na nyingine Afrika ya kati na mashariki.

Kusini-magharibi mwa Ufaransa bata hufugwa kwa mamilioni kwa ajili ya maini yao yaliyononeshwa. Wengi ni chotara wa Muscovy na Pekin, na sehemu ya maisha yao hukaa nje malishoni. Katika majira ya 2016–2017 H5N8 iliingia katika mfumo huo, na mamilioni ya bata waliuawa, wengi wao wakiwa wazima, ili kutengeneza ukanda usio na ndege. Mlipuko wa 2021–2022, uliosababishwa na H5N1, ulikuwa mkubwa zaidi: mashamba zaidi ya 1,300 na ndege zaidi ya milioni 20. Oktoba 2023 Ufaransa ilianza kuchanja, na iliamua kuchanja bata peke yao, si kuku. Katika majira yaliyofuata milipuko ilikuwa 10. Bata aliyekuwa pembeni mwa taarifa za Perroncito alikuwa sasa ndiye anayelindwa kwanza, ili kuku asihitaji kulindwa.

Hata hivyo swali la kimya lilirudi kwa sura mpya. Bata aliyechanjwa akiambukizwa, haonyeshi dalili kabisa. Marekani ilizuia ndege na mazao ya ndege kutoka Ufaransa mara chanjo ilipoanza, kwa hofu hiyo hiyo. Jibu la Ufaransa lilikuwa kuwapima bata waliochanjwa: mizoga ya shamba kila wiki, na bata hai kila mwezi kwa mkono wa daktari wa mifugo. Serikali ililipa sehemu kubwa ya gharama.

Januari 2017, bata wa Ufaransa wakiwa bado wanaangamizwa, mizoga ya buabua wa mabawa meupe ilionekana katika ghuba ya Lutembe, Ziwa Viktoria, kati ya Kampala na Entebbe. Ni ndege wahamaji ambao hukusanyika hapo kwa wingi kila mwaka wakitoka kaskazini. Virusi vilikuwa H5N8, wa ukoo mmoja na wale wa Ulaya. Huko Masaka, magharibi mwa ziwa, vilipatikana pia kwa kuku na bata wa kufugwa. Kenya na Rwanda zilizuia ndege na mayai kutoka Uganda, na hasara ya soko iliwafika wafugaji ambao nyumba zao hazikuwa na ndege hata mmoja aliyeugua. Mwaka huo huo virusi viligunduliwa kwa ndege wa kufugwa katika Ituri, mashariki mwa Kongo, kando ya Ziwa Albert.

Katika nchi za Maziwa Makuu bata si mfugo wa kampuni. Ni ndege wawili, watatu au kumi wa kaya, mara nyingi wa mama au wa watoto, wanaofunguliwa asubuhi pamoja na kuku na kujitafutia riziki. Waganda humwita embaata, na Kiswahili cha mitaani kinamtaja kwa starehe: kula bata. Wengi wa bata wa vijijini barani Afrika ni wa Muscovy, yaani wale ambao H5 huwadhuru zaidi, na kwa hiyo huenda kimya chao si kirefu kama cha bata wa Asia. Huo ni ubashiri kutokana na maumbile. Bata wa pande hizi hawakuwahi kuwa na Shortridge wao, mtu wa kuchukua sampuli zao mwaka baada ya mwaka wakiwa wazima.

Kilichojulikana Uganda mwaka 2017 kilijulikana kwa njia ya kale. Ndege walikufa ufukoni, watu wakawaona, wakatoa taarifa. Mashamba ya Ufaransa yana ratiba ya mwezi na daktari wa mifugo anayekuja mlangoni. Bata wa Lutembe na Masaka, wanaoshuka majini asubuhi mahali ambapo buabua hutua kila mwaka na kurudi uani jioni, huingia katika daftari la mifugo siku moja tu, nayo ni ile wanayookotwa wamekufa.